Mwenzangu wa Doti

Balozi wetu wa nyumba kumi hakumtambua mwanamke kwa uso. Alimtambua kwa mgongo. Unapita nyumbani kwake na shida yako, unamwamkia, anaitikia marahaba huku ameinamia ungo wa maharage. Ukishageuka kuondoka ndipo anainua kichwa.

"We Mtu wa Ziwani! Upindo umefumuka."

Au: "Umejifunga kama mzigo wa kuni."

Hakuna aliyepita mlango ule bila kukaguliwa nyuma. Mimi nilitoka Kasanga, chini ziwani, ambako joto linamwachia mtu avae anavyoona mwenyewe, na kukaguliwa huku kulinikera. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiseme mtu anapokuja, anangoja hadi anapokwenda.

"Mbele unajiona mwenyewe," alisema. "Aliyevaa peke yake hajui mgongo wake ukoje."

Neno hilo alilisema mara nyingi, hata watoto wa mtaani wakalifanya wimbo wa kurukia kamba. Nililichukua kuwa ni porojo za mtu mwenye cheo kidogo na muda mwingi.

Cheo chenyewe, kwa ambao hawakuishi miaka ile, kilikuwa hivi: kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao wa chama. Ukipata mgeni, unampeleka kwa balozi aonekane. Mbuzi wa jirani akila ulezi wako ulioanikwa, unakwenda kwa balozi. Mume akipiga, balozi. Sukari ikifika dukani, balozi ndiye anayejua. Wengi walikichukua cheo kwa ajili ya hiyo sukari. Yeye alikuwa na sababu nyingine, na aliniambia bila haya tukichambua dagaa kwenye genge langu.

"Balozi lazima abishiwe hodi," alisema. "Wapende, wasipende."

Watoto wake walikuwa wamekwenda, mmoja kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, mwingine kaolewa Mbeya, na wote wawili walikuwa watu wa kutuma salamu kwa madereva wa malori. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu yetu, upande unaopigwa na upepo wa Milima ya Mbizi. Baada yake ni mashamba tu. Mtu hapiti hapo kwa bahati mbaya, anayefika amekusudia. Nimewaona watu wanaoogopa njaa, na nimewaona wanaoogopa wachawi. Yeye aliogopa siku itakayoanza na kwisha bila mtu kusema hodi.

Alivaa koti la kiume la rangi ya majivu, zito, lililomfika chini ya magoti. Wengine walisema ni la marehemu mumewe, wengine la padri aliyerudi kwao. Vifungo vyake nilivihesabu mara mbili, kama nifanyavyo kwa kila kitu, na havikuwepo viwili vinavyofanana. Mfuko wa kulia ulikaa mkasi, wa kushoto sindano na nyuzi alizozizungushia kipande cha gunzi. Ndani ya koti ni khanga, kichwani kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, na miguuni kandambili hata mwezi wa saba, wakati maji ya ndoo yanakuuma vidole kama mbwa.

Mavazi ndiyo yalikuwa siasa yake. Kwenye mikutano alisoma tangazo la mbolea kwa sauti ya mtu anayesinzia, kisha akifika kwenye neno "mengineyo" anasimama wima, na mengineyo yalikuwa nguo siku zote.

Alikuwa na nadharia. Alisema bibi zake walivaa nguo iliyofumwa huku huku kwetu, kwa pamba iliyopandishwa kutoka bonde la Rukwa. Mmoja analima pamba, mwingine anasokota, mwanamume anafuma, na kitambaa kikitoka ni kizito hivyo kwamba mwanamke hawezi kukizungusha mwenyewe kiunoni. Lazima avikwe na mwenzake. Ikaja kaniki, nyeusi, ya dukani. Hiyo ilikuwa nyepesi, lakini ilichuja. Mtoto akibebwa anashuka mgongoni na shavu jeusi, basi wanawake wakafuliana na kusaidiana kuipika ile rangi upya. Zikaja khanga. Khanga unajifunga mwenyewe, lakini unanunua doti, vipande viwili vya mchoro mmoja vilivyoungana, na pindo anakukunjia fundi au shoga. Yakaja magauni ya mkanda wa kufunga nyuma, na dada mtu alikuwa na kazi.

"Hesabu basi, wewe mtu wa hesabu," aliniambia. "Kila kizazi kinapunguza mkono mmoja. Mwisho mtu atavaa kama anavyokula mwizi. Haraka, na peke yake."

"Si ndiyo maendeleo, Balozi?"

"Ndiyo. Nani kakataa?"

Na kweli hakukataa. Hapo ndipo nilipokuwa sijamwelewa. Alilaani mawigi kwenye mkutano wa asubuhi, akasema mwanamke aliyevaa nywele za kununua ni kama nyumba iliyoezekwa kwa nyasi za kuazima. Alasiri akaja gengeni kwangu, akatazama kulia na kushoto, akauliza kama yule kijana wangu wa magendo wa Kasanga bado analo lile wigi alilokuwa akilitembeza. Tulilileta. Alivua kofia, akalivaa, akajitazama kwenye kioo changu kilichopasuka. Kisha akageuka.

"Nyuma likoje?"

"Limekaa kama kuku anayeatamia."

Alicheka mpaka akashika meza. Alilivua, akalirudisha, akavaa kofia yake. "Sawa. Nilitaka kujua ninachokikataza."

Na kuna habari ya yule msichana mpiga chapa. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo mwanzo, mkoa wetu ukiwa mpya, ofisi zikijaa watu wa kuletwa. Vijana walikuwa wakizunguka sokoni kuwakamata waliovaa vimini, na Balozi wetu alikuwa ameunga mkono kwa kunyoosha mikono yote miwili. Msichana akatokea mbio kati ya magunia ya mahindi, viatu vya raizoni vya soli nene mkononi, gauni lake limekomea pale ambapo mengine yanaanza. Balozi alikuwa amesimama mbele ya genge langu akibishana bei ya migebuka. Alifungua koti. Msichana akaingia. Koti likafungwa.

Vijana wakafika wanahema. "Shikamoo Balozi. Hujamwona msichana amepita hapa?"

"Marahaba. Msichana gani?"

"Wa kimini."

"Hapa niko mimi tu."

Kijana mmoja akaangalia chini, akaona miguu minne. Akaniangalia mimi. Nami nikawa napanga samaki. Yule kijana alikuwa mtoto wa mtaani kwetu, aliyekatiwa kaptula yake ya kwanza kwa mkasi uliokuwa mfukoni mwa koti lile. Akasema, "Twendeni, huyu Balozi amenenepa tu."

Walipokwenda, akamtoa msichana, akampa karipio ambalo hata mimi niliona aibu kulisikia. Kisha akamwambia ageuke. Akamtazama mgongoni kwa muda.

"Mbele fupi, nyuma fupi sawasawa," alisema. "Angalau fundi wako ni mkweli."

Msichana alikuja nyumbani kwake jioni moja kushukuru, na sabuni ya kuogea. Walikaa mpaka chai ikaisha. Baadaye akahamishwa Mbeya. Ile sabuni Balozi hakuiogea. Ilikaa dirishani hadi ikapasuka.

Sasa nifike kwenye doti, maana ndiyo iliyonifunga naye.

Ilikuwa miaka ya foleni, baada ya vita vya Uganda, wakati duka la ushirika lilikuwa na rafu safi na muuzaji msafi na kitu kingine hakuna. Wanawake walikuwa wamevaa khanga mpaka ukiishika dhidi ya jua unaona Mbizi. Mtu alikwenda kisimani kabla hakujapambazuka, si kwa sababu ya maji, bali asionekane. Ndipo belo la khanga likafika, na fungu la nyumba zetu kumi likawa doti sita. Wanawake tulikuwa kumi na wawili. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini kukosea.

Balozi alituita uwanjani kwake. Tulijua itakavyokuwa: wake wa wakubwa kwanza, sisi wengine tupigiwe hotuba ya uvumilivu. Hakutoa hotuba. Alitoa mkasi. Akaichukua doti ya kwanza, akaikunja katikati, akakata.

Tulipiga kelele kama waliochinjiwa.

"Balozi!" Huyo alikuwa mama muuza pombe, aliyepika ya ulezi, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha mto. "Khanga moja ni ya nini? Nijifunge chini, juu nikae kama kuku aliyenyonyolewa?"

"Juu utaazima."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo." Akamwonyesha mke wa dereva wa lori.

Wawili hao hawakuwa wamepeana salamu tangu mbuzi wa mke wa dereva ale ulezi uliokuwa umeanikwa kwa pombe ya arusi.

"Huyo? Afadhali niende uchi."

"Nenda. Baridi ya Julai itakurudisha."

Na hivyo ndivyo alivyogawa. Hakuwapa kipande pacha marafiki. Alitazama nani hasemi na nani, akawapa mchoro mmoja, na waliobaki aliwagawa kwa umbali wa nyumba, ili mtu atembee. Tukabaki sisi wawili. Hakuna aliyetaka kuwa mwenzangu. Nilikuwa nimekaa pale miaka, lakini bado nilikuwa wa kuja, na walisema ukiazima chumvi kwangu nakuuliza nitaipata lini faida yake. Balozi akaitazama doti ya mwisho, nyeusi ya pindo jekundu, ambayo wote walikuwa wameikwepa kwa sababu rangi ilikuwa imepotea njia kiwandani na maua yalikaa nje ya mistari yake. Chini iliandikwa SIKUJUA KAMA UTAKUJA.

"Mtu wa Ziwani, mimi na wewe," alisema, akakata.

Ikaanza desturi ambayo sijaisikia kwingine. Tukaitana mwenzangu wa doti. Mwanamke wa kwetu haendi msibani na kipande kimoja, kwa hiyo ukifiwa au ukialikwa unakwenda kubisha hodi kwa mwenzako jioni: "Naomba juu." Naye anakupa. Kesho yake unairudisha imefuliwa, hata kama uliichukua safi, na hairudi tupu. Unafunga kitu kwenye ncha. Kwa kuwa vipande viwili vilitembea pamoja, msiba wowote ulihudhuriwa na nusu ya wanawake, nusu wakabaki. Wazee walipolalamika Balozi akawajibu, "Vizuri. Mngetaka watoto walindwe na mbuzi?" Msiba ukiwa wa mtaa mzima, waliokwenda kuzika siku ya kwanza waliwavulia wenzao siku ya pili.

Mama muuza pombe alivumilia karibu majira mazima ya mvua bila kwenda popote. Kisha akafiwa na shangazi huko Msanzi. Tulimwona anasimama nje ya nyumba ya mke wa dereva, ametazama pembeni, anaita hodi kama anayemwita ng'ombe. Mlango ukafunguliwa. Akakaa ndani muda mrefu kuliko unaohitajika kuchukua kitambaa. Alipotoka amevaa juu na chini, mke wa dereva alikuwa nyuma yake anamvuta upindo.

"Simama, we! Umeiacha nyuma inaning'inia. Watasema nimekuvalisha mimi."

Balozi alikuwa mlangoni kwake, mbali, na ungo wake. Alichambua maharage ambayo nina hakika yalikuwa yameshachambuliwa.

Kwangu alikuja mwenyewe. "Hodi. Naomba juu." Akiirudisha, ncha ilikuwa na maharage, au ulezi, siku moja yai, ambalo lilifika zima na sijui kwa vipi. Nami nikienda kwake, nilirudisha na dagaa. Mimi ni mtu wa biashara, nikaona mapema kwamba anakuja kuazima kuliko misiba inavyotokea. Nilimwambia.

"Balozi, wiki hii hajafa mtu."

"Matai kafa mtu."

"Nani?"

"Matai ni kubwa. Hakosi mtu."

Nikampa. Alivaa, akageuka nimtazame mgongo, nikamwambia iko sawa. Akaenda mpaka kwenye kona, akarudi kwake. Hakwenda Matai wala popote.

Sitaki niseme tulikuwa marafiki. Hakunieleza habari za mumewe, sikumweleza zangu. Tulipozungumza tulipatana bei au tulibishana. Lakini katika mji ule ambao watu walizungumza Kifipa nikiwa mbali na kugeukia Kiswahili nikifika, yeye aliendelea na Kifipa chake nikiwepo, ananitukana nacho, nami nikakijua kwa matusi kwanza. Hiyo ni namna ya kukaribishwa.

Kisha bidhaa zikaanza kurudi.

Zilirudi taratibu, kama mtu aliyetoroka deni, hasemi alikuwa wapi. Mwaka mmoja, kwa ajili ya maandamano ya Sabasaba, mtaa wetu uliletewa doti za kutosha. Doti nzima kwa kila mwanamke, za michoro mbalimbali, bure, tutembee tumependeza mbele ya wageni. Zililetwa kwa Balozi usiku wa kuamkia sikukuu agawe asubuhi.

Asubuhi tulifika tukakuta mafurushi yamepangwa kwenye mkeka, kila moja limefungwa kwa uzi. Mke wa dereva akafungua lake. Kipande kimoja cha njano chenye mikorosho. Kipande kingine cha buluu chenye kuku. Akafungua mama muuza pombe: kuku wa buluu, na cha pili madoadoa mekundu. Kila mmoja alikuwa amepewa vipande viwili visivyofanana.

"Balozi, umefanya nini?"

"Nimegawa."

"Umetuvalisha viraka!"

"Zamani kila mmoja alikuwa na mwenzi mmoja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri sana. "Sasa vitu vimekuwa vingi. Kila mmoja atakuwa na wenzi wawili."

Alikuwa amekaa na mkasi akikata doti zote zile peke yake, na kuzichanganya, kwa kukusudia. Hakuwa amelewa wala hakuwa mgonjwa. Alidhani tutafurahi.

Sijasikia wanawake wakimfokea balozi namna ile. Walimwita mchawi wa nguo. Walimwita mzee aliyepitwa. Kisha mmoja akapaza sauti, "Nani ana mkorosho?" na mwingine akajibu, "Mimi, nipe kuku," na uwanja ule ukageuka mnada. Vipande vilirushwa juu ya vichwa. Wanawake waliitana kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, waliingia kwenye nyumba za watu ambao hawakuwa wamewatembelea tangu foleni ziishe, wakacheka, wakasukumana, wakapimiana. Mimi nilikuwa katikati nikipatanisha, maana hiyo ndiyo kazi niijuayo: wewe toa zambarau, huyu atoe kuku, yule akupe mkorosho, basi. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko maandamano yenyewe.

Jua lilipokaza, kila mmoja alikuwa na doti yake nzima. Mwisho walikutana mama muuza pombe na mke wa dereva, kila mmoja ameshika cha mwenzake. Wakabadilishana. Wakaaga. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, watu wakajiandae.

Balozi alikuwa kwenye kigoda chake. Nilikwenda kumwambia kwamba ameharibu, na kwamba ana bahati ni mtaa wenye subira.

"Uliona walivyojaa?" aliniuliza.

Macho yake yalikuwa uwanjani. Pale palikuwa na nyuzi tu za mafurushi.

Wale wawili hawakugombana tena. Hawakuwa na sababu ya kugombana, wala ya kubisha hodi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Dagaa wakapata wauzaji wengi, nikahamia mitumba, ambayo watu wetu waliiita kafa Ulaya na kuinunua huku wakiziba pua. Nikafungua belo nikaona vizazi vyote vya ile nadharia ya Balozi vimebanwa pamoja: sketi, sweta, suruali za kike, magauni ya kitambaa kisichokunjika. Wanawake wakanunua. Mtu alijaribu juu ya nguo yake, akatazama kwenye kioo, akalipa, akaenda. Ubalozi nao akapewa mama kijana mwenye saa ya mkononi, kwa sababu yule wetu, walisema, apumzike. Walimpigia makofi. Walimshukuru. Sukari na wageni na mbuzi vikahamia nyumba nyingine.

Alikuja gengeni siku ya belo jipya. Alipekua kama anayetafuta kitu alichokipoteza mwenyewe. Akavuta gauni la kijani kibichi la mikono mirefu, zito, zuri kwa baridi yetu, zipu ndefu mgongoni.

"Hili."

"Balozi," nilisema, maana sikuacha kumwita hivyo, "hilo zipu yake iko nyuma. Chukua hili la vifungo mbele. Nitakupunguzia."

Mimi kupunguza kabla sijaombwa ni kitu kilichopaswa kumshangaza.

"La vifungo mbele ni la mama anyonyeshaye."

"Utafungaje zipu?"

"Nina mikono."

Tulipatana. Alinibana bei mpaka nikatoa jasho, akalikunja gauni, akaliweka ndani ya koti. Kwenye kona aligeuka, akaniangalia kidogo, akaenda.

Niliendelea kumwona Jumapili akitoka kanisani, kijani kikichungulia chini ya koti. Nikafikiri: amelipenda. Msimu ukageuka, jua la mwezi wa kumi likashika, bado koti. Nikafikiri: uzee huo, damu imepoa. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa na mabelo.

Jumatatu moja biashara ilikuwa imelala, nikaona kile kipande cheusi kwenye msumari wangu, maua yake nje ya mistari. Sikukumbuka mara ya mwisho kilipotoka. Hakuna aliyekuwa amefariki. Nikafunga dagaa kwenye ncha, nikaenda mpaka nyumba ya mwisho.

"Hodi."

Kitu kikaanguka ndani, kama mtu aliyesimama haraka. "Nani?"

"Mwenzako wa doti. Naomba juu."

Alifungua. Alikuwa amevaa lile gauni, na koti ametupia mabegani, ndani ya nyumba, mchana, jua likiwa linapasua bati. Alinitazama kana kwamba nimetoka safari.

"Nani kafa?"

"Matai. Hakosi mtu."

Hakucheka, ila mdomo ulisogea. Akanikaribisha kigoda. Akaelekea kwenye sanduku, akakitoa kipande chake, kimefuliwa, kimekunjwa. Akaniwekea magotini.

"Kichukue kabisa. Umalizie doti yako. Mimi nitakifanyia nini?"

"Nikimaliza doti, nitakuja kuazima nini?"

"Una genge zima la nguo."

"Ninazo. Ya kuazima sina."

Akasema niache utani. Akainuka kunitolea chai, kopo lilikuwa juu ya rafu, akanyoosha mkono, na koti lile lisilo na vifungo viwili vinavyofanana likateleza begani. Likaanguka.

Gauni lilikuwa wazi nyuma kutoka shingoni hadi kiunoni. Zipu ilining'inia pande mbili kama ganda la haragwe. Chini yake shimizi iliyofuliwa mpaka ikawa utando, na mifupa ya mgongo wake, niliyoweza kuihesabu na sikutaka.

Hakugeuka. Aliendelea kulishika kopo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mkono haufiki," alisema. "Nilijaribu na uzi. Nilijaribu na uma."

"Nimeuliza tangu lini, Balozi."

"Tangu nililinunua."

Jumapili zote zile. Nilisimama, nikaenda nyuma yake. Vidole vyangu vilikuwa na harufu ya dagaa na nadhani vilikuwa baridi, maana alishtuka. Zipu ilikuwa ngumu, haijafungwa tangu ilipotoka kwenye belo. Niliipandisha jino kwa jino, na alivuta pumzi kunisaidia. Ilipofika juu nikamlazia kola. Nikarudi hatua kidogo, nikamtazama kama alivyotutazama sisi.

"Likoje?"

"Limekukaa. Kiunoni limepwaya kidogo."

"Limepwaya wapi?"

"Hapa. Nitakuletea sindano."

"Sindano ninayo." Akageuka, mara ya kwanza bila koti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. "Sasa umenifunga. Jioni nani atanifungua?"

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

"Nikitoka sokoni," nikasema.

Mchana ule niliuza vibaya. Mtu akitaja bei, nakubali. Jua lilipoanza kuelekea ziwani nikafunga genge, majirani wakauliza kama naumwa. Nilipofika, mlango wake ulikuwa umeachwa wazi kabisa, upepo unaingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, mikono magotini, mgongo ameuelekeza mlangoni.

Sikupata hata nafasi ya kusema hodi.

"Umechelewa," alisema, bila kugeuka.

"Soko lilichangamka."

"Soko la Jumatatu? Mwongo wewe." Akainamisha shingo nifikie zipu. "Polepole, itakwama. Kesho nitalivaa tena."

"Kesho si Jumapili."

"Nani kasema ni Jumapili? Uje mapema, kabla hujafungua genge."

"Hiyo bei kali, Balozi. Punguza."

"Hapa hakuna kupunguza," alisema.